Safi ni Safi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Yotamu ni mshenzi. Naanza na hilo.

Asubuhi Injinia Hetal katuita bandani, mimi na Yotamu. Baridi kali, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa unga. Kasema Ijumaa wageni wanakuja kutoka Mbeya. Mkubwa wao Bwana Murtaza, mfanyabiashara, anauzia hospitali vifaa. Akiona mashine yetu inafanya kazi ataibeba yeye, gharama zote. Ikibebwa, Injinia ataajiri msaidizi wa kudumu. Mmoja. Sisi vibarua tuko wawili.

Yotamu kageuka kaniangalia. Si usoni. Mgongoni! Eti mzee Aroni usijali, kule kwenye mbao magogo yapo tu, yanakuulizia.

Magogo! Nimebeba magogo hapa Mafinga tangu nina nywele nyeusi. Mgongo wangu sasa ni kama mlango mbovu. Ukiufungua unalia, ukiufunga unalia. Daktari kasema nikirudi kubeba nitamalizia kwa kutambaa. Yotamu anajua. Ndiyo maana kasema.

Nafasi ile ni yangu. Nitaipata kwa akili. Nguvu sina tena.

Niandike hapa mashine ni kitu gani, maana juzi Damari kaniuliza nikashindwa kumjibu. Damari ni yule mama anayeuza chakula na ulanzi, pombe ya mianzi, pale getini. Mjane kama mimi, mdomo kama msumeno. Alisikia nimeingia kwenye mambo ya seli akadhani polisi wamenikamata. Kaniletea ugali na maharage kwenye kifuniko, kwa huruma. Nimekula kwanza. Ndipo nikamwambia si seli ya polisi.

Seli ni boksi la plastiki ngumu, limekazwa bolti. Ndani vyumba viwili. Katikati utando mweupe, kama ule wa ndani ya ganda la yai. Humo kuna maji ya chumvi, mithili ya magadi. Kila chumba kina sahani yake ya chuma. Upande wa kazi ni sahani ya shaba. Injinia anaiita elektrodi. Sisi tunaita sahani, basi. Unatia umeme wa sola, unapitisha hewa ukaa kwenye ile shaba, chini inadondoka spiriti kwenye chupa. Ile ya kupaka kabla ya sindano! Moshi unaingia, dawa inatoka. Nilibisha sana. Kisha nikanusa.

Hewa ukaa yenyewe kwa sasa inakuja kwenye mitungi, kutoka kwetu Rungwe, chini ya ardhi. Baadaye watachukua moshi wa boila ya kiwanda cha mbao hapo jirani. Mimi nimezaliwa Rungwe. Kuna mashimo kule ndege akitua haruki tena. Nilidhani inaitwa hewa ukaa kwa sababu inakaa. Haipandi, imekaa tu shimoni. Nikamfundisha Yotamu hivyo, kwa sauti, Injinia akiwepo. Injinia kacheka kwa upole, kasema hapana mzee wangu, ukaa ni ndugu yake makaa. Yotamu naye kacheka. Bila upole.

Sijasahau.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kumfikisha Yotamu kwa Injinia kama mlevi.

Nilimwona tangu wiki jana. Ana dumu kaficha nyuma ya mitungi. Kila mara anakwenda, anainama, anatikisa, anachungulia, anarudi anafuta mikono. Mhehe na dumu. Nani haelewi? Ulanzi!

Nimemvuta Injinia pembeni. Nimemwambia kwa masikitiko, kama Mkristo, kwamba mwenzangu ni mtu mzuri ila kuna dumu. Umeme na pombe havikai nyumba moja. Injinia kakunja uso. Kaenda mwenyewe nyuma ya mitungi. Kafungua. Kanusa.

Maji ya magadi. Yotamu kayachanganya mapema na kuyaacha yatulie, Injinia asipoteze muda Ijumaa. Injinia kafurahi mpaka kamshika bega. Kasema huo ndio moyo wa usaidizi anaoutaka.

Mimi nimesimama pale kama nguzo. Yotamu kanigeukia kanipa kamwene, salamu ya kwao Uhehe, kwa heshima zote, kama tumeonana sasa hivi. Kaongeza eti watu wa kwetu Tukuyu mvua inawanyeshea mwaka mzima mpaka akili imeota ukungu, tusiwalaumu.

Kwa hiyo nimemsaidia kupata sifa. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu.

Nina hasira mpaka chai imekuwa chungu.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimemshinda. Acha niandike taratibu.

Injinia kaondoka saa za chai kwenda Iringa mjini kufuata pampu. Anarudi kesho. Gari linawaka, simu iko sikioni, anaongea na baba yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. Kageuka mlangoni katuambia: wazee wangu, hiyo Ijumaa nataka seli ziwe safi, kila kitu kiwe safi kabisa.

Nimesikia kwa masikio yangu. Safi. Kabisa.

Yotamu kajibu sawa Injinia, kisha huyo, kaenda kuota moto kwenye boila ya jirani! Hajagusa hata ufagio.

Mimi nimebaki nazunguka. Nimefagia. Nimefuta mitungi. Nimeng'arisha boksi zenyewe. Halafu, kupitia ile plastiki, nikaziona sahani.

Nyeusi. Nyeusi jamani, na chafu, na zina ukurutu kama kitako cha sufuria ya makande ya msibani. Hizo ndizo za kumwonyesha Bwana Murtaza atokaye Mbeya kwa gari lake? Mtu wa hospitali?

Marehemu mke wangu, Lea, alikuwa na sufuria tatu tu. Kazitundika nje ukutani, ukipita barabarani zinakupiga macho. Alikuwa anasema mgeni haangalii viti vyako, anaangalia kitako cha sufuria. Hata siku zile za mwisho, hawezi kusimama, aliniita kitandani nimletee ile kubwa aione. Kaigeuza. Kasema hapa umeruka. Nikarudi kusugua.

Basi. Nimechukua spana. Nimefungua seli zote. Sahani nje. Nimechota majivu ya boila. Nimekwenda kwa Damari nikaomba malimau. Kauliza ya nini, nimemwambia ya ajira. Nimeongeza mchanga laini kidogo. Nikakaa juani nikasugua kama Lea alivyosugua, kwa mzunguko, si kwa kwenda na kurudi. Ule weusi uling'ang'ania! Ulikuwa umeshika kama umechomelewa. Lakini mimi ni nani? Vidole vimechubuka. Shaba ikaanza kutoka. Kwanza kahawia, kisha nyekundu, kisha, Bwana asifiwe, nikajiona sura. Nikaona mpaka meno yanayokosekana.

Yotamu karudi kutoka kwenye moto wake. Kasimama. Macho kama ya bundi. Kasema Injinia alikataza kufungua seli bila yeye. Nimemwambia hilo alisema zamani, hili la safi kasema leo. Amri mpya inafuta ya zamani. Hata serikali iko hivyo.

Kasema we mzee, safi maana yake ni poa. Mambo yawe shwari. Mtu akikuuliza habari ukajibu safi, ina maana umeoga? Nimemwambia na wewe mama yako akikwambia nenda mtoni urudi safi, unasema poa mama, unalala? Kasema sahani hizi si za kulia wali, mzee Aroni. Nimemwambia sahani ni sahani, na safi ni safi.

Kaangalia nilizosugua, kaangalia zilizobaki. Kasema yangu macho. Kisha katabasamu, kazunguka nyuma yangu kama anatafuta kitu, kaondoka.

Tabasamu lile silipendi. Wivu tu. Nimerudisha sahani, nimekaza bolti. Sahani moja sikuiona ilipokwenda, nimetafuta, nikaacha. Watafikiri zote ziko sawa. Seli yake tupu nimeiacha mwisho kabisa kwenye kona.

Sitamwambia Injinia. Ataziona mwenyewe Ijumaa mbele ya wageni, shaba inawaka kama jua. Atauliza nani kafanya hivi. Nitakohoa.

Alhamisi, 12 Juni

Mashine imekufa.

Injinia karudi mchana, hata maji hajanywa, kafunga pampu mpya, kawasha. Mapovu. Mapovu tu, mengi, kama maji ya mchele. Chupa ya chini kavu. Katika zote, hakuna tone.

Kabadilisha waya. Mapovu. Kabadilisha mtungi. Mapovu. Kapima hiki, kapima kile, anaongea peke yake kwa Kihindi. Boksi zimefunikwa na povu, hata sahani hazionekani vizuri. Nilitaka kumwambia uzuri ulioko ndani. Nikasema ngoja, usiharibu zawadi.

Kosa nililiona upesi. Magadi ya Yotamu! Nimemwambia Injinia waziwazi, mbele yake, kwamba mwenye dumu ndiye mwenye kosa. Yotamu hakukasirika. Kaniangalia tu. Kasema mzee, mwambie Injinia ulichofanya jana. Nimesema jana nimefagia. Kasema mwambie na kingine. Nimesema nimefuta mitungi. Si uongo!

Injinia hakutusikia. Alikuwa amekaa juu ya mtungi, kichwa mikononi. Kasema kwa sauti ndogo, kwamba kesho ikiwa hivi Bwana Murtaza hatarudi tena. Atafunga banda. Atarudi Mbeya kwa baba yake, akae dukani auze misumari na rangi mpaka azeeke, kama walivyomwambia tangu mwanzo. Na hakuna ajira ya mtu yeyote.

Ya mtu yeyote! Mimi nasikia magogo yananiita kwa jina.

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi. Tatizo ni nini? Chupa kavu. Dawa ni nini? Chupa isiwe kavu. Mashine itapata nafuu yake baadaye, polepole. Kesho ni ya wageni. Mgeni unampikia kilichopo.

Duka la dawa limeishiwa spiriti. Nimekwenda kwa Damari. Nimeomba ulanzi, si ule mtamu, ule mkali uliolala na kuchacha. Kasema msimu umekwisha, umebaki wa mwisho, ukiunywa unasahau njia ya kwenu. Nimesema huo huo. Kauliza na huu ni wa ajira? Nimesema ndiyo. Kasema ajira gani hii inakula limau na kunywa ulanzi.

Nimeuchuja kwa leso ya kanisani. Bado mweupe mweupe. Nimechuja tena. Umekubali.

Ijumaa, 13 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Nimewahi asubuhi. Ulanzi kwenye chupa zote za chini, robo robo, mtu asishtuke. Wageni wakaja. Bwana Murtaza, koti zito, kikofia chake, mstaarabu, anauliza kila mtu habari za nyumbani. Kaja na fundi wake wa vipimo, Philbert, mrefu mkavu, anatembea na begi la vikopo.

Injinia kawasha. Mapovu. Kisha Philbert kainama, kasema mbona chupa zina kitu.

Injinia kageuka. Ile sura yake! Kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amefumbua macho. Bwana Murtaza kapiga makofi. Kasema binti wa rafiki yangu, umetoa spiriti kwenye hewa! Mimi nimekohoa kidogo, nijulikane nipo.

Philbert kanusa. Kanusa tena. Kasema hii inanukia kama Krismasi kwa bibi yangu Njombe.

Nimesema ni pampu mpya.

Kainyanyua chupa kwenye mwanga. Kasema kuna mdudu. Bwana Murtaza kavaa miwani. Nyuki. Kafa, miguu juu, anaelea. Leso ile ina tundu, sasa najua. Bwana Murtaza kauliza, kwa adabu kabisa, kama mashine inatengeneza na nyuki pia au wanauzwa kando.

Yotamu katoka nje. Nimesikia anacheka huko nje kama fisi.

Philbert katoa kile kikaratasi cha kupimia wagonjwa wa sukari. Kachovya. Kikageuka rangi hapo hapo. Bwana Murtaza kaangalia, kaangalia seli, kasema pole sana binti, mashine yako ina kisukari.

Injinia hakucheka. Kachukua spana. Kafungua seli ya kwanza. Katoa sahani. Ikawaka. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, likagonga shaba, likampiga Bwana Murtaza usoni mpaka akafumba macho. Ilikuwa nzuri! Nasema kweli, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusugua.

Injinia kauliza nani.

Nikakohoa. Nikasema mimi.

Nilidhani atanishika bega. Kakaa chini. Sakafuni, na suruali yake safi. Kasema mzee Aroni, ule weusi niliutengeneza mimi. Kila sahani aliichoma motoni, akaitia kwenye dawa, akaichoma tena, mpaka shaba ikaota vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Humo kwenye vishimo ndimo hewa ukaa inashikwa na kugeuka spiriti. Sahani laini haishiki kitu, inachemsha maji tu. Ndiyo mapovu. Kasema ule uchafu ndio ulikuwa mashine, mzee wangu. Boksi lote lililobaki ni nyumba yake.

Nimemwambia ulisema safi.

Kauliza, nilisema safi?

Nimesema kabisa.

Bwana Murtaza alikuwa anavaa glavu za kuendeshea gari. Hapo ndipo Yotamu karudi ndani. Anafuta machozi ya kicheko. Mkononi ana kitambaa. Kakifungua. Sahani. Nyeusi, ukurutu wake wote, haijaguswa. Kasema hii niliichomoa Jumatano mzee alipokuwa anasugua, nikaiweka kwenye sanduku la spana, nikasema huyu mzee atatuzika wote.

Aliichomoa nyuma ya mgongo wangu! Huo huo mgongo!

Wameifunga kwenye seli ya kona. Wametia magadi ya Yotamu. Wamewasha. Tumesubiri. Mapovu machache. Kisha tone. Kisha tone lingine. Philbert kapima. Sukari hakuna. Nyuki hakuna. Kasema ni yenyewe.

Bwana Murtaza kavua glavu.

Jumamosi, 14 Juni

Yotamu kaajiriwa.

Nirudie? Yotamu. Mshenzi yule. Alijua tangu Jumatano! Alisimama kaniona nasugua, kajua naharibu, kaokoa sahani moja akaniachia zingine zote nijimalize nazo. Mtu mwema angenipokonya majivu. Angenipiga hata kofi. Yeye kasema yangu macho. Huyo ndiye msaidizi?

Nimemwambia hivyo getini. Kasema alinikataza nikamjibu mambo ya mama yake na mto. Nimemwambia hukunikataza vya kutosha.

Injinia kaniita. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Kapika chai mwenyewe, ya maziwa na tangawizi, kanimiminia. Kasema lile neno ni kosa lake. Alikuwa anaongea na baba yake, akasema safi kama watu wanavyosema, hakufikiri. Kaomba radhi.

Nikaona nimeshinda kesi. Nikamwambia basi nipe kazi.

Kasema hapana. Kasema limau angesamehe, ila ulanzi hawezi. Sahani niliharibu kwa kutojua. Chupa nilijaza nikijua. Bwana Murtaza angeuza kile kitu hospitali, mtu angepakwa kwenye kidonda. Nimemwambia Wahehe wanapaka tumboni miaka yote, hawajafa. Hata hilo hakucheka.

Halafu kasema neno ambalo sikulitegemea. Jana jioni kaenda kwa Saulo. Saulo ndiye mkuu wa chumba cha kukaushia mbao kwenye kiwanda cha jirani. Kamwomba anipe kazi ya kupanga mbao humo ndani. Si kubeba. Wabebaji wanaleta mpaka mlangoni, mimi napanga tu, wima, pole pole. Kamwambia Saulo kwamba hajawahi kukutana na mtu anayefanya kazi kwa bidii kama mimi. Saulo kakubali, ila kwa sharti. Nikikosea mara moja, nakwenda kwenye magogo au nakwenda nyumbani, nichague.

Nimemaliza chai. Nimeondoka.

Damari kaniuliza kama nilimshukuru yule binti. Nimesema kwa lipi, kanifukuza. Kasema we Mnyakyusa, mtu unamharibia kazi yake yote na anakwenda kukuombea mahali, unataka akubebe na mgongoni? Rudi ukamwambie asante.

Nimerudi. Kafunga banda, kaenda Mbeya na sahani zake kwenye boksi, kutengeneza upya. Nimesema ndaga, asante ya kwetu, kwenye mlango. Umesikia mlango.

Jumapili, 15 Juni

Yotamu kaja kanisani na koti jeupe la kazi. Kanisani! Wamama wamemwita daktari. Katoa sadaka kwa mikono miwili ili mikono ya koti ionekane.

Mchungaji kahubiri kusamehe. Nilikuwa naangalia koti.

Wimbo wa mwisho sikuimba.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeanza kwa Saulo.

Mtu wa Usangu, mfupi, haongei mara mbili. Kanionyesha chumba. Kikubwa kama kanisa dogo, kina feni nyuma na joto la boila linapita kwenye mabomba. Mbao mbichi zinapangwa humo mpaka juu, mlango unafungwa, zinakaa zinakauka.

Kazi ni hivi. Unalaza mbao safu moja. Juu yake unaweka vijiti, vyembamba, vimepasuliwa sawasawa. Juu ya vijiti safu nyingine. Tena vijiti. Hivyo mpaka darini. Nimemuuliza vijiti vya nini. Kasema vya hewa ipite. Bila vijiti mbao zinalaliana, zinaoza katikati, zinaota madoa ya bluu, zinapinda kama ulimi wa ng'ombe. Kauliza nimeelewa. Nimesema mimi nimetoka kwenye mambo ya hewa, unaniuliza nimeelewa?

Kazi ni nyepesi. Mgongo haukulia. Nimetembea kwenda nyumbani wima, mpaka jirani kauliza nani kaja.

Ila kupanga kwenyewe, mh. Ukisimama mlangoni unaona mianya kila mahali. Kama meno yangu.

Jumatano, 18 Juni

Saulo kapata msiba, kaenda Usangu. Kaniachia chumba. Kasema wabebaji wataleta mzigo mkubwa, mbao za madawati ya shule moja ya Mbeya, wanazisubiri. Nipange kama alivyonionyesha, nifunge, nifungue joto. Kasema Injinia wako kakusifia sana, usimwaibishe.

Sitamwaibisha.

Wabebaji wameleta. Wengi! Nimepanga na vijiti mpaka darini, na bado mbao zimejaa uani. Wabebaji wanasema zilizobaki zisubiri mzigo ujao, ndivyo Saulo anafanya. Zisubiri! Watoto wa watu wamekaa chini kwenye sakafu Mbeya huko, na hii baridi, na sisi tunajaza chumba kwa mianya!

Nimekaa nikafikiri. Hewa ipite. Ipite iende wapi? Mlango umefungwa! Na joto si limo humo humo ndani? Ukiweka nguo chini ya godoro inakauka bila kijiti. Saulo ni mtu mzuri, ila amezoea. Mtu akizoea haoni.

Nimeshusha zote. Nimetoa vijiti. Nimepanga upya, ubao juu ya ubao, umelala umekaa, hata wembe haupiti. Kazi nzuri, ya kupendeza, ukuta mtupu wa mbao! Mzigo wote umeingia. Wote! Na nafasi ikabaki ya kuweka kiti. Wabebaji wameangalia, wameangaliana, mmoja kasema yangu macho.

Watu wa huku na macho yao.

Nimefunga mlango. Nimefungua joto. Saulo atarudi wiki ijayo akute mbao za shule nzima zimekauka kwa mkupuo mmoja. Atauliza nani kafanya hivi. Hapo hatapata shida kuniajiri wa kudumu.

Vijiti vilibaki lundo, vinazuia njia. Nimempelekea Damari. Kasema ni vikavu kweli, vinashika moto vizuri, kuna vingine? Ameshavichoma vyote. Tumekula maharage.